Kabla ya kuitupa chipu, kagua kibanio
Kuna mwandishi anayedai kwamba chipu ya kumbukumbu ikikataa kusomeka kwa kibanio, yaani klipu yenye meno inayobana miguu ya chipu ikiwa bado kwenye ubao, basi imekufa. Kwa ushauri huo mafundi wa Mwanjelwa hapa Mbeya watatupa nyingi zilizo nzima. Mara nyingi mkosaji ni kibanio chenyewe. Chipu ya miguu 8 ina milimita 1.27 tu toka mguu hadi mguu, hivyo kibanio kikikaa upande kidogo, au vanishi ya ubao ikibaki miguuni, jino moja haligusi na programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) inasoma FF tupu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba chipu haina kitu. Sugua miguu kwa mswaki na spiriti, elekeza waya mwekundu wa kibanio kwenye kitone cha mguu wa 1, soma mara mbili ulinganishe. Bado? Huenda umeme wa programa unavujia ubao mzima kupitia mguu wa 8, ule wa kuingizia umeme, na volti zinashuka. Ing'oe chipu uipime kwenye soketi. Angalia volti kwanza, maana chipu ya volti 1.8 ukiipa 3.3 unaweza kuiua kweli. Na kipupwe hiki kikavu, sweta tu linazalisha umeme tuli wa kutosha kuiunguza. Nani anajua duka hapa Mbeya lenye vibanio ambavyo meno hayalegei upesi?