Laini Iwe kwa Jina Lake

Hapa Dodoma, mtu akitaka kuzungumzia wanawake na teknolojia huanza na minara ya simu. Si jambo la kubeza. Mei 2023 ilisainiwa hapahapa mikataba ya kujenga minara 758 nchi nzima, na kuna vijiji vya Mpwapwa ambako zamani ulipanda kilimani kusaka mtandao, leo simu inaita ukiwa jikoni. Mimi swali langu linakuja baada ya mnara kusimama: simu hiyo ni ya nani, na laini imesajiliwa kwa jina la nani?

Nenda Mvumi, Hombolo au Kongwa, umwombe mama namba yake. Mara nyingi atakutajia ya mumewe, ya shemeji au ya kijana wake aliyemaliza kidato cha nne. Huyu mama ndiye aliyepalilia alizeti na kuipura, lakini ujumbe wa malipo unaingia kwenye mfuko wa suruali ya mtu mwingine. Atapewa hela, ndiyo. Atapewa kiasi ambacho mwenye simu ameona kinamtosha. Tangu msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku nayo inapita kwenye mfumo wa kidijitali, mkulima anasajiliwa na kupewa namba. Anayeandikwa kama mkulima katika kaya nyingi ni nani, tunajua.

Takwimu za mwaka 2024 za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaonyesha kwamba duniani wanaume wanaotumia intaneti ni asilimia 70 na wanawake ni asilimia 65. Ukizisoma haraka utadhani pengo linakaribia kuzibika. Lakini kutumia simu ya kuazima na kumiliki simu yako ni maisha mawili tofauti.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ule ambao muda wake ulifika mwisho Januari 2020, ulidai kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo. Kwa aliyekuwa mjini na cheti cha kuzaliwa mkononi, lilikuwa suala la kupanga foleni. Vijijini kwetu akina mama wengi hawakuwa na namba hiyo, wakaomba ndugu awawekee kidole. Laini zikaendelea kuita, kila mtu akasahau. Tatizo huja siku simu inapoibwa au ndoa inapovunjika, kwa maana huwezi kurudishiwa laini bila kidole cha mwenye jina. Namfahamu mjane mmoja wa Chamwino, muuza karanga, ambaye mtaji wake wote ulikuwa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la marehemu mumewe. Simu ilipopotea alikwenda dukani kuomba laini mpya, akaambiwa alete karatasi za mirathi kutoka mahakamani. Hela ni yake, jasho ni lake, namba ya siri anaijua kwa kichwa. Jina tu ndilo si lake, na jina ndilo lililoamua.

Ndiyo maana nashikilia kwamba nguvu ya teknolojia kwa mwanamke inaanzia kwenye umiliki. Hata nje ya mipaka yetu ushahidi uko upande huo. Bangladesh, mwaka 1997, wanawake wa vijijini walikopeshwa simu za mkononi ili wauze huduma ya kupiga. Simu ilikuwa ya mama, na wanaume wa kijiji ndio waliokwenda nyumbani kwake na kulipa. Biashara ile ilififia kila mtu alipopata simu yake, lakini wakati wake ilimfanya mwanamke kuwa mtu wa kutafutwa. Kenya nako, utafiti wa wachumi Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba M-Pesa iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 kuacha kilimo cha kujikimu na kuingia kwenye biashara. Kaya zilizoongozwa na wanawake ndizo zilizonufaika zaidi. Kwangu hilo lina maana moja: katika kaya hizo hakuna wa kuulizwa kabla ya hela kutumika.

Kwenye vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, nitakaa kidogo, kwa sababu huko ndiko ninakoishi. Sanduku letu la zamani lilikuwa na kufuli tatu na wenye funguo watatu, na bado wanachama walilala na wasiwasi. Tangu 2019 kuna huduma kama M-Koba: hisa inalipwa kwa simu, na hela ya kikundi ikitaka kutoka, wenzako wanapata taarifa na kuidhinisha. Nimeona jinsi hali ya hewa ya kikao inavyobadilika. Maswali ya "hela iko wapi" yamepungua, muda uliobaki tunazungumza biashara: nani apeleke ubuyu Dar es Salaam, zabibu ziuzwe sasa au tusubiri. Binti aliyeolewa Singida anaendelea kununua hisa bila kupanda basi.

Ila yule mwenzetu anayetumia namba ya mumewe, kila hisa anayoweka inasomwa na mume kwanza. Msimu wa gawio ukifika, matumizi yameshapangwa bila yeye. Wapo waume waungwana, tena wengi, na sisemi mke afiche. Nasema awe na uwezo wa kuamua mwenyewe aseme lini na aseme nini, kama mume alivyo na uwezo huo juu ya mshahara wake.

Wanaosema simu imewaletea wanawake balaa nao wana hoja, na hoja yao ni mikopo kausha damu ya mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mama lishe anakopa shilingi elfu hamsini za mchele. Siku mbili akichelewa, watu wote waliomo kwenye simu yake, hadi mchungaji, wanatumiwa ujumbe kwamba ni tapeli. Huu ni udhalilishaji na unapaswa kukomeshwa kwa sheria. Dawa yake ni kikundi imara na mikopo halali, wala si kumnyang'anya mama simu.

Kuna mahali pamoja umiliki hauna uzito, nami nakiri kwa furaha. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, unapokea simu ya bure kwa namba 115 kutoka kwa yeyote. Mjamzito akizidiwa saa nane za usiku, jirani anapiga simu kwa niaba yake, gari la wagonjwa likiwa mbali anafuatwa na dereva wa kijijini, na dereva analipwa kwa simu. Hapo simu ya kuazima inaokoa maisha.

Kwa mengine yote, kazi iko kwenye halmashauri zetu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Maafisa maendeleo ya jamii wanazunguka kufundisha vikundi namna ya kuomba. Waende na watu wa NIDA na wa kusajili laini siku hiyohiyo. Kila mama apige *106# aone laini yake iko kwa jina la nani, na kama si lake, abadilishe palepale kabla ya kujaza fomu. Jumamosi ya mnada wa Msalato ingefaa sana kuanzia, maana akina mama wa vijiji vingi wanakuwapo tayari, na hela ya mauzo wanayo mkononi.