Gari halina themostati, halafu unailaumu sheli

Kila nikikaa na wenye magari ya zamani hapa Dar, wimbo ni uleule: gari linabugia mafuta. Ukiuliza linabugia kiasi gani, unajibiwa, "Aah, asubuhi naweka elfu thelathini, jioni taa imewaka." Hicho si kipimo. Elfu thelathini ya mwezi huu si ya mwezi uliopita, maana EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na taa ya tangi kwenye gari la miaka ishirini na tano huwaka inapojisikia.

Siwacheki, nami nilikuwa hivyohivyo. Carina Ti yangu, injini 5A-FE ya lita moja na nusu, niliihukumu kwa hisia karibu mwaka mzima. Tukabadilisha plagi. Tukasafisha nozeli. Nikaenda mtaa wa Gerezani kununua pampu ya mafuta ya mtumba, na fundi mwingine akaja kuniambia ile ya zamani ilikuwa nzima kuliko hii. Nikahama sheli mara tatu nikishuku mafuta yamechakachuliwa, ingawa injini haikuwa inagongagonga wala gari kukosa nguvu. Kila fundi alitoa kitu akaweka kitu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kilometa.

Siku hela ilipoisha ndipo nikapima. Unajaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, unarudisha tripu, kile kihesabu kilometa cha safari, kwenye sifuri, unaendesha siku zako kama kawaida, halafu unarudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, unajaza tena hadi ikate. Yangu ilitoka kilometa 286 kwa lita 38.1. Yaani 7.5 kwa lita. Jirani yangu ana gari kama hilo, tunapita foleni moja, na yeye anapata 10. Basi ugonjwa ulikuwepo kweli.

(Kama umeweka matairi makubwa ili gari liinuke, hesabu yako ina kasoro tangu mwanzo. Ukitoka 185/65R14 ukaenda 185/70R14, tairi linakua kwa asilimia 3 hivi, kwa hiyo umetembea kilometa 100 lakini odometa imeandika 97. Unalaumu injini kwa kilometa zilizoibwa na matairi.)

Kilichonifumbua macho ni mshale wa joto. Kwenye foleni ulikuwa unakaa karibu na katikati. Nikiipata barabara ya Morogoro ikiwa wazi kuelekea Kibaha, mshale unashuka taratibu hadi karibu na alama ya C. Miaka yote nilikuwa naufurahia. Nilidhani rejeta yangu ni kiboko.

Nikampelekea kijana mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Akafungua nati mbili, akavuta kifuniko, akanionyesha kwa tochi ya simu. Mpira wa duara upo. Themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipo.

"Bosi, hii ilitolewa kitambo," akasema. "Lakini Dar joto lote hili, themostati ya nini? Hiyo ni ya Wajapani, kule kwenye barafu."

Hapo ndipo ninapogombana na mafundi wetu, na nagombana nao kwa upendo. Joto la Dar ni 32. Themostati ya injini ile inaanza kufunguka maji yakifika kama 82. Joto la nje halikufikishi huko. Bila themostati, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha, na ukikimbia kwenye upepo injini haiivi. Sensa ya joto la maji inaripoti kwa uaminifu kabisa kwamba injini bado ya baridi, na kompyuta inafanya kilekile inachofanya alfajiri: inaongeza petroli. Ni kama kuendesha siku nzima na choki imevutwa. Juu ya hapo, gia otomatiki nyingi za Toyota haziruhusu overdrive, ile gia ya juu kabisa, mpaka maji yapate moto, kwa hiyo unakwenda 80 injini inalia kama unapanda mlima Kitonga.

Na taa ya injini haiwaki. Hili ndilo linalowapoteza wengi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini inahesabu namba ya kosa kwa kumetameta. Ikiwaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja ni 21, oksijeni sensa. Yangu ilimetameta mfululizo bila pengo, maana yake hakuna kosa. Na kweli halikuwepo. Sensa ilikuwa inasema ukweli, sisi ndio tuliotoa kitu.

Kwa nini ilitolewa? Najua bila kuuliza: siku moja gari lilichemsha. Labda rejeta iliziba, labda themostati iligoma kufunguka. Kuzibua rejeta ni kazi na hela, kutoa themostati ni dakika kumi, na mwenye gari anataka kuondoka. Yaani mimi na wewe.

Nikanunua mpya. Kabla ya kuifunga niliijaribu nyumbani: nikaifunga uzi, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji jikoni, mama watoto akanitazama kama nimechanganyikiwa. Maji yalipokaribia kuchemka, ikafunguka polepole, mdomo wa shaba ukiachama. Nikazima jiko, ikajifunga. Ile sufuria nimekatazwa kuirudisha kabatini.

Kipimo cha pili: kilometa 302, lita 33.2. Tisa na ushee.

Bado kama moja kumfikia jirani. Hiyo ilikuwa breki, na wala haikuhitaji fundi kuigundua. Baada ya mwendo mfupi bila kukanyaga breki sana, nilishuka nikagusa rimu moja moja. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya mbele kushoto nilitoa mkono haraka. Pini za kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, zilikuwa zimeshika kutu, pedi haiachii diski. Zikasafishwa, zikapakwa grisi, upepo wa matairi ukajazwa kama kibandiko cha mlangoni kinavyotaka, na kipimo cha tatu kikasoma kilometa 311 kwa lita 31.

Mwisho tukarudisha feni ya rejeta kwenye swichi yake inayoiwasha maji yakipata moto tu, maana nayo ilikuwa imepigwa dairekti, yaani imeungwa bila swichi, inazunguka tangu ukiwasha mpaka ukizima. Jioni ile nikiwa kwenye foleni ya Ubungo pakawa kimya ghafla mbele yangu. Nikashika ufunguo niwashe upya, nikidhani gari limezima, kumbe injini inanguruma vizuri tu.