Mpe ashike yule atakayefagia

Kwetu Tabata vumbi halibishi hodi. Linapita kwenye nyavu za madirisha, linakuja na viatu vya watoto, linatua kila bodaboda inapopita kwenye barabara yetu ambayo lami haijaifikia. Masika yakishakatika na upepo wa kusi ukishika kasi, ukipangusa meza ya runinga asubuhi, alasiri unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Miaka yote nilifagia kama mama alivyonifundisha: madirisha wazi, ufagio laini, kizoleo, halafu deki. Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, jua lilikuwa limepenya katikati ya mapazia na binti yangu wa miaka sita amekaa kwenye kochi ananitazama nafagia. Nikanyanyua macho. Ule mwale wa jua ulikuwa umejaa vumbi linaloelea, kutoka kwenye ufagio wangu mpaka usoni kwake, na yeye anakohoa. Mtoto ana pumu. Vumbi nililokuwa nalitoa sakafuni nilikuwa namrushia yeye kifuani.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kifyonza vumbi. Sikutaka yale madude ya hotelini ya kuburuta na waya nyuma. Nilitaka kile chembamba cha betri, cha kushika mkono mmoja. Tangu siku ile tumenunua viwili. Cha kwanza kilikuwa kosa, na ninaandika haya kwa sababu naona majirani na ndugu wanakwenda kulirudia kosa lilelile: wanasoma namba kubwa kwenye boksi, wanalipa, wanaondoka. Na anayelipa, mara nyingi sana, siye atakayefagia.

Mashine hii ina historia inayonigusa. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya kufyonza vumbi kubwa kiasi kwamba ilivutwa na farasi, ikaegeshwa barabarani, na mabomba yake yakaingizwa ndani kupitia madirishani. Aliyeileta kwenye mkono wa mtu mmoja ni James Murray Spangler, mfagiaji wa duka katika mji wa Canton, Ohio, Marekani. Naye alikuwa na pumu. Vumbi la kazini lilikuwa linammaliza, akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ilitoka 1908, na baadaye biashara ikaangukia kwa William Hoover, ambaye jina lake ndilo lililobaki. Lakini aliyeijua mashine inatakiwa iweje ni yule aliyekuwa ameshika ufagio.

Sisi tulifanya kinyume. Baba watoto alikwenda dukani peke yake, akarudi na mashine iliyoandikwa namba ndefu za paskali, kipimo cha nguvu ya kunyonya, imara, nyeusi, inang'aa. Wiki mbili baadaye nikaikuta imetundikwa ukutani na dada anayetusaidia kazi anafagia kwa ufagio. Nikamuuliza kulikoni. Akasita kidogo, kisha akasema, "Dada, mashine ni nzuri, ila mkono unaniuma mpaka nashindwa kusonga ugali."

Nikaichukua mwenyewe nikapanda nayo kwenye mizani ya bafuni, kisha nikapanda bila yake. Kilo tatu. Ukiisikia kilo tatu haikutishi. Fanya hivi kabla hujaenda dukani: chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zifunge pamoja, uzishike kwa mkono mmoja huku unausogeza mbele na nyuma kwa dakika tano. Hizo ndizo kilo tatu. Sasa ondoa chupa moja, urudie. Kilo moja na nusu ndiyo mashine ambayo mtu mwenye mwili mdogo, au mama mwenye mgongo mbovu, anaweza kuzunguka nayo vyumba vitatu bila kununa. Na uzito wenyewe una makao yake. Mashine hizi nyingi mota, betri na kikombe cha taka vyote viko juu, kwenye kiganja, kwa hiyo mzigo wote unaangukia kifundo cha mkono. Ukiwa unafagia chini, brashi inasaidia kubeba. Ukiinua kwenda kwenye utando wa buibui au mapanga ya pangaboi, kila gramu iko kwako. Kwa hiyo mpeleke dukani yule atakayefagia. Mpe ashike, ainue mpaka usawa wa kichwa, ahesabu mpaka sitini. Muuzaji akinuna, duka si hilo tu.

Kuhusu zile paskali. Wauzaji wanazitaja kwa mbwembwe, kilopaskali 20, 25, 30 (kilo moja ni paskali elfu), kama vile ndiyo nguvu yote. Ukinywa dafu kwa mrija, halafu ukauziba mrija kwa kidole na kuendelea kunyonya, mashavu yanabonyea kweli, ila hakuna tone linaloingia. Paskali hupimwa namna hiyo, mdomo wa mashine ukiwa umezibwa. Kinachobeba mchanga kutoka sakafuni ni hewa inayopita, na hewa hiyo inategemea pia brashi, mabomba na filta. Dukani mimi nimeona ni heri kumwaga punje za mchele na chumvi kidogo sakafuni, kisha kupitisha mara moja. Kikubwa zaidi, kwenye marumaru, tazama kama brashi inarusha punje mbele kabla ya kuzimeza. Brashi zenye manyoya magumu hurusha. Ile ya mviringo yenye kitambaa laini hukusanya. Nyumba nyingi za Dar ni marumaru na kazulia kamoja sebuleni, hivyo brashi laini ina maana kubwa kuliko paskali elfu tano za nyongeza. Kama nyumba yako imetandikwa zulia ukuta hadi ukuta, basi achana na haya yote ununue ya waya, itakufaa zaidi.

Sasa betri, ambayo ndiyo iliyonitoa machozi.

Boksi la mashine yetu lilisema dakika 40. Sikudanganywa, ila sikuambiwa dakika 40 za mwendo gani. Hesabu yake si ngumu. Betri za mashine hizi mara nyingi ni seli 6 au 7 za lithiamu zilizofungwa mfululizo, kila moja volti 3.6. Seli 7 zinatoa volti 25.2. Zikiwa za ampea-saa 2.5, zidisha hizo kwa volti, umeme uliomo ndani ni kama wati-saa 63. Kama mota ni ya wati 400, gawanya 63 kwa 400, zidisha kwa dakika 60, unapata dakika 9 na ushee. Hizo ndizo dakika zako za nguvu kamili. Dakika 40 ni za mwendo wa chini kabisa, ambapo mota inakula chini ya wati 100. Hakuna ubaya, kwani sakafu tupu haihitaji zaidi, lakini ukiwa na magodoro matatu na makochi ya kitambaa ya kupiga kwa nguvu, dakika 9 zinaisha hujamaliza godoro la pili. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo unafurahisha: uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo inaichaji mashine zaidi ya mara kumi hata ukihesabu umeme unaopotea kwenye chaja. Na umeme ukikatika, unafagia.

Miezi kumi haikwisha. Mashine ikawa inawaka, inakoroma sekunde chache, inazima. Dukani wakatuambia betri yake haiuzwi peke yake, tununue mashine mpya. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, kijana makini, anayefanya kazi chini ya mwavuli na meza iliyojaa simu zilizofunguliwa matumbo. Akaifungua kwa bisibisi nyembamba, akatoa bunda la seli sita zilizovishwa plastiki ya bluu, nene kidogo kuliko betri za rimoti, zimeunganishwa kwa vipande vyembamba vya chuma. Akagusisha mita yake moja baada ya nyingine, anasoma kwa sauti ili na mimi nisikie. Tatu nukta tisa. Tatu nukta tisa. Nne. Tatu nukta tisa. Tatu nukta tisa. Ya sita: moja nukta moja.

"Huyu mmoja ndiye amewaangusha wenzake, dada," akasema. "Wamefungwa mnyororo. Mmoja akilala, wote wanasimama." Kisha akauliza, "Mnaichajia wapi?"

Tulikuwa tunaichajia stoo. Stoo yetu ina bati tupu, haina dari, na mchana wa Februari ukiingia mle unatoka jasho kabla hujapata ulichofuata. Mashine ilishinda mle kwenye chaja, imejaa, kutwa kucha. Lithiamu huchakaa haraka ikikaa kwenye joto, na huchakaa haraka zaidi ikikaa kwenye joto huku imejaa. Fundi alikataa kuniwekea seli moja mpya katikati ya tano kuukuu, kwa sababu za namna hiyo hazichaji sawasawa na ni hatari. Nilimshukuru kwa kukataa, maana angeweza kuchukua hela yangu akanyamaza.

Tangu hapo swali langu la kwanza dukani, kabla ya bei, ni hili: betri inachomoka? Nyingine inayofanana nayo mnayo, hapa, leo? Nionyeshe. Betri inayochomoka kwa kubonyeza kitufe ina maana mashine itaishi baada ya betri yake kufa. Betri iliyofungiwa ndani kwa skrubu ina maana umenunua mashine ya mwaka mmoja au miwili. Tazama pia chaja: iandikwe volti 100 hadi 240. Zipo zinazoletwa kutoka Marekani za volti 120 tu, na umeme wetu wa 230 unaziunguza siku ya kwanza. Na dai risiti, uitunze. Bila risiti hiyo, waranti ni maneno tu.

Filta ni jambo la mwisho, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu ni jambo la kwanza. Mashine isiyochuja vizuri inavuta vumbi kubwa na kulitema lile dogo nyuma, ambalo ndilo linaloingia mapafuni. Filta ya daraja la H13 hunasa asilimia 99.95 ya chembe hata kwa ukubwa ule ulio mgumu zaidi kunaswa, lakini haisaidii kitu kama hewa inapenya pembeni yake. Njia yangu ya kupima ni ya kawaida: nawasha mashine mahali penye vumbi, nausogeza uso karibu na matundu ya kutolea hewa. Nikisikia harufu ya vumbi, nairudisha.

Na usiishie sakafuni. Dar ni mji wa unyevu, na unyevu ndio wanaoupenda utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito. Uchafu wao ndio unaowachokoza watu wenye pumu. Kwa hiyo kichwa kidogo cha godoro nakitumia kuliko brashi ya sakafu: kila Jumamosi godoro la binti yangu, pande zote mbili, polepole, na mashuka tunayafua kwa maji ya moto. Hayo hayajachukua nafasi ya dawa yake ya kuvuta, wala daktari wake hajaambiwa apunguze chochote kwa ajili ya mashine. Kikombe cha taka tunamwaga nje, yeye akiwa ndani.

Usiinyonyeshe maji, jivu la jiko wala vumbi la saruji la mafundi; vyote hivyo vinaua mota au filta. Nywele za rasta zikijizungusha kwenye brashi zikate kwa mkasi, usizivute.

Mashine ya pili aliichagua dada. Nilimpeleka Kariakoo mwenyewe, tukaingia maduka manne, akashika kumi na kitu. Aliyoichagua ina uzito wa kilo moja na nusu, betri inachomoka, na namba zake za paskali ni ndogo kuliko za ile ya kwanza. Muuzaji alimwambia anachukua ya kawaida wakati kuna yenye nguvu. Akamjibu, "Nguvu ninayo mimi, kaka. Nataka isiyonichosha." Leo mwaka na nusu, na ufagio laini umehamia barazani.

Ina filta mbili, tuliulizia na kununua ya ziada siku ileile, kwa sababu ikishaoshwa inataka kukauka saa 24 kavukavu kabla ya kurudishwa, na ukiirudisha na unyevu mashine inanuka na mota inaumia. Naandika haya masika yamechanganya. Filta ya kwanza iko kwenye kamba ya barazani tangu juzi, nimeigusa sasa hivi, katikati bado ina ubaridi wa maji. Dada anafanya chumba cha mtoto na ile ya pili.