Wiki ya mbalamwezi Kigoma: kulala au kushika jembe?

Mwezi ukishafika siku ya 11 au 12 na kuanza kuujaza usiku, mialo ya Kibirizi na Katonga hupoa. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, huvutwa nchi kavu, nyavu huanikwa, taa huwekwa ndani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa: mwanga hukusanya wadudu wadogo wa majini, dagaa hufuata chakula chao, kisha wavu uliozamishwa hunyanyuliwa kutoka chini. Mbalamwezi ikishaangaza ziwa zima, taa haiiti tena. Dagaa hutawanyika, na aliyetoka anarudi na fedha isiyofikia hata mafuta ya injini. Basi mvuvi hukaa nyumbani siku 7 hadi 10. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, kiasi cha dakika 50 kila siku, usiku wa mapema hurudi kuwa giza na watu wanarudi majini.

Siku hizo 7 hadi 10 ni za nini? Wapo wasemao ni za mwili, mke, watoto na ibada. Kwa Waislamu wa Ujiji, funga za sunna za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo huangukia humo humo, na mvuvi anaweza kufunga bila kushika kamba usiku. Wengine wanaona kukaa wiki nzima bila kuchuma ni anasa ya mwenye akiba, na kwamba mbalamwezi ndiyo nafasi pekee ya kushika kazi ya pili. Pande zote mbili zina hesabu nzuri. Tatizo ni kwamba kila upande hufanya hesabu yake nusu.

Tuanze na usingizi. Giza moja, yaani kipindi cha kuvua kati ya mbalamwezi mbili, lina usiku kama 20 wa kazi. Mvuvi anatoka saa 11 jioni, anarudi alfajiri, anashusha, anasubiri mauzo, na mgongo unafika kitandani saa 3 au saa 4 asubuhi. Nyumba ya bati mchana ni tanuri, watoto wako uani, redio ya jirani iko juu. Saa 8 au saa 9 alasiri ameamka aangalie wavu uliochanika. Tuseme amelala kwa muda wa saa 5. Mtu mzima anahitaji zisizopungua 7, kwa hiyo kila siku anabaki na deni la saa 2, na giza likiisha deni limefika saa 40. Akilala muda wa saa 9 kila usiku kwa wiki nzima ya mbalamwezi atakuwa amelipa saa 14 tu. Nyingine atazibeba kwenda nazo giza linalofuata. Wanaosema "mvuvi analala wiki nzima, mvivu huyo" wangepiga hesabu hiyo kwanza.

Na saa za kazi? Usiku 20 mara saa 12 ni saa 240. Zigawe kwa majuma ya mwezi wa siku 29 na nusu, utapata wastani wa saa 57 kwa wiki, mapumziko yakiwa yameshahesabiwa ndani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, ingawa mvuvi wa mgao, anayelipwa kwa sehemu ya mauzo, hana mkataba wa kumpeleka kwa ofisa kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Mvuvi wetu amevuka mstari huo kabla hajagusa jembe. Ukimwongezea kibarua cha saa 6 kwa siku 7 za mbalamwezi, wastani unapanda hadi saa 67.

Hapo wa upande wa mapumziko angeweza kufunga daftari. Asifunge bado, maana fedha nayo ina mambo yake. Baada ya kutoa mafuta na chakula, kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri mwenye kipe na wavuvi wake. Giza likiwa baya, mgao unakuwa deni: mvuvi alishachukua unga na sabuni dukani, na pengine alishachukua fedha ya mbele kwa tajiri. Mwenye deni halali usingizi ule unaohesabiwa na madaktari, hata ukimpa godoro na chumba kimya. Tena mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi katika ziwa ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kufuatana na makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa familia isiyo na mlango mwingine wa kipato, miezi mitatu ni mirefu kuliko inavyosikika kwenye tangazo.

Methali husema mshika mbili moja humponyoka. Kwa mvuvi wa dagaa haikai sawasawa, kwa sababu mwezi wenyewe unamtenganishia hizo mbili. Kazi ya pili inakubalika. La kuuliza ni ipi inaingia kwenye kalenda ya mwezi bila kula usingizi wote.

Mahindi hayaingii. Palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, na mvua haingoji mbalamwezi. Mvuvi "mwenye shamba la mahindi" mara nyingi ni mvuvi ambaye mke wake ana shamba la mahindi. Bodaboda inaingia kwenye kalenda lakini haifai mwilini. Mtu aliyekaa macho saa 17 huitikia mambo kwa uzito kama aliyekunywa pombe, na siku mbili za kwanza za mbalamwezi ndizo mbaya zaidi, maana deni lote bado liko kichwani. Kumpa mtu huyo pikipiki yenye abiria kwenye mteremko wa kuingia mjini ni kuomba msiba.

Mchikichi unakaribia kuingia. Ekari moja, ukipanda kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, inachukua miche kama 58, na miche bora huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kupogoa makuti makavu na kufyeka duara la shina ni kazi zinazoweza kungoja wiki tatu bila hasara. Mavuno ndiyo yenye kasoro ambayo washauri wa "limeni michikichi" huiruka. Mikungu iliyoiva huvunwa kila siku 10 hadi 14. Dalili ni chikichi chache kudondoka zenyewe chini ya mti. Mvuvi akivuna mbalamwezi ikianza na tena siku ya mwisho kabla ya kurudi majini, linabaki pengo la siku kama 20. Mikungu ya katikati huiva kupita kiasi, chikichi hupukutika majanini, asidi hupanda na mawese hushuka thamani. Lazima awepo mtu wa kuvuna mara moja katikati ya giza, awe ndugu au kibarua, na malipo yake yaingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Bila hivyo mvuvi ataanza kutoroka usingizi wa mchana kwenda kuvuna mwenyewe, na tumerudi kule kule.

Kwa hiyo ratiba inayostahimilika ni hii. Siku mbili za kwanza hakuna kazi ya kuuza. Siku ya kwanza asubuhi alale kwa muda wa saa 3 tu, avumilie hadi usiku, ili mwili ushike usiku mapema. Akilala mchana kutwa atakesha na wiki imeharibika. Siku tatu au nne za katikati ni za shamba na wavu, asubuhi tu, ziishe saa 7 mchana. Siku ya mwisho iachwe, na kabla ya safari ya kwanza alale dakika 90 alasiri. Wavu uwe umeshonwa kabla ya hapo. Anayeshona siku ya kutoka ndiye huyo anayesinzia ameshika kamba.

Lakini mjadala huu wote unamhusu mwanamume, na mwezi nao umempendelea yeye. Wanaoanika dagaa Kigoma wengi ni wanawake, na kwao mbalamwezi haina likizo. Wakati wa giza wanawahi mwaloni alfajiri, wananunua, wanatandaza, wanageuza, wanakimbiza kuku, wanakimbizana na wingu. Mbalamwezi ikiingia wanafunga magunia, wanauza, wanapalilia yale mahindi, na mume yuko nyumbani anasubiri chakula cha mchana. Ukisikia mtu anasifu maisha yenye mizani ya mvuvi, tazama mkono wa nani umeshikilia upande wa pili.

Hapo kinachosaidia ni kichanja kuliko nasaha. Nguzo za urefu wa mita 1, upana usiozidi mita 1 na robo ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, na juu wavu chakavu wa matundu madogo, umevutwa ukaze. Dagaa watandazwe tabaka moja, wasilaliane. Upepo unapita chini na juu, kwa hiyo kugeuza kunapungua sana, kuku hawafiki, na mchanga hauingii. Kilo 4 za wabichi zitatoa kama kilo 1 ya wakavu, sawa na walioanikwa chini, ila hawa wasio na mchanga wanapata bei bora. Kwa jua zuri wanakauka siku hiyo hiyo, na mwanikaji anapata saa moja au mbili katikati ya mchana ambazo chini kwenye changarawe hazipo kabisa. Kichanja hujengwa wakati vipe viko nchi kavu, na mwenye mikono mitupu asubuhi ya siku ya tatu ya mbalamwezi anajulikana ni nani.