Mtoto wa kuasili: apokelewe na ukoo mzima au na watu wawili watatu kwanza?

Huku kusini mwa Tanzania ukichukua mtoto wa kuasili, wiki haiishi nyumba imejaa, bibi katoka Newala, mama mdogo kaja kutoka Lindi, majirani wanampokezana mtoto, huyu anambeba yule anampa biskuti, na ukiuliza unajibiwa mtoto ni wa ukoo. Upande mwingine kuna ushauri wa wataalamu wa nje unaozunguka sana kwenye simu saivi, wao wanasema mtoto aliyepita mikono mingi kabla ya kufika kwako umfungie ndani miezi ya mwanzo, kumlisha, kumuogesha na kumlaza iwe kazi ya wazazi wapya peke yao, wengine wamsalimie kwa mbali. Kila upande una hoja na kila upande kuna mahali unateleza, na anayeumia ni mtoto ambaye hata hajui anagombewa.

Tumwangalie mtoto mwenyewe kwanza. Mtoto mchanga anajifunza kumtegemea mtu taratibu sana, analia anakuja yule yule, ana njaa anampa yule yule, mpaka moyoni inakaa kwamba huyu ni wangu. Kwenye kituo cha kulelea watoto, ambako wengi wa kuasili wanatoka, walezi wanaingia kwa zamu, wengine wanaacha kazi, mlezi mmoja ana watoto kibao, kwahiyo hata awe na roho nzuri vipi hicho kitu kinakatika katika. Sasa akija kwako anakuja na mbinu zake za kuishi, anaficha ugali chini ya godoro, akianguka halii, ukimkumbatia anakakamaa, au kinyume chake anamrukia kila mtu, leo kamng'ang'ania dereva bodaboda ambaye hajawahi kumuona. Na sisi tunasoma vibaya, asiyelia tunamsifia mtulivu, wa kumrukia kila mtu tunamsifia mchangamfu, kumbe wote wawili bado hawajajua mtu wao ni nani, afu yule wa kuficha chakula anaitwa mwizi anachapwa, na fimbo inamhakikishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Wengine watasema atazoea tu. Romania, baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, watoto wengi sana walikutwa vituoni katika hali mbaya, na kuanzia mwaka 2000 watafiti wakafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapelekwa kwenye familia za kulea na jingine likaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikwenda vizuri zaidi kwenye suala la kushikamana na mlezi, hasa waliopelekwa kabla ya kufikisha kama miaka 2. Kwahiyo muda unasaidia pale ambapo ndani ya huo muda yupo mtu asiyebadilika.

Ila wanaotetea ukoo wasidharauliwe hata kidogo. Mary Ainsworth, mmoja wa watu wakubwa kabisa kwenye elimu hii ya mtoto kushikamana na mlezi, utafiti wake wa kwanza wa kuangalia watoto majumbani aliufanya Uganda, kuanzia 1954, vijijini karibu na Kampala, na kule ndiko alikoona jinsi mtoto anavyomtumia mama kama mahali pa kutokea kwenda kuchungulia dunia na kurudi akiogopa. Nyumba zenyewe zilikuwa kama za kwetu, ndugu wapo na wanasaidia kushika mtoto. Yani mikono mingi peke yake haina tatizo, mtoto wa Tandahimba anazaliwa kwenye mikono kumi na anajua kabisa mama yake ni yupi, maana ile mikono kesho ipo na keshokutwa ipo. Mtoto wa kituoni yeye kila mkono aliouzoea uliondoka.

Afu huo ushauri wa kujifungia nani anauweza? Msimu wa korosho ukianza kama Oktoba hivi, mama anaokota, anaanika, anapeleka ghalani, usiku mtoto anaamka anapiga kelele mara tatu, na umeshawafukuza wote wanaoweza kumpokea. Mama wa hivyo ndo anafika mwisho anamrudisha mtoto alikomtoa, na kwa mtoto wa namna hii hilo ni pigo baya kuliko yote aliyopitia. Na sio kila kinachoitwa tiba huko nje ni tiba, mwaka 2000 kule Colorado, Marekani, binti wa kuasili wa miaka 10 alikufa akiwa amefunikwa mashuka na mito, amekandamizwa na watu waliodai wanamtibu ili amkubali mama yake. Mtoto halazimishwi kupenda, full stop.

Msimamo wangu mi ni huu: ukoo uje, tena uje wote, ila mwaka wa kwanza uje kumhudumia mama. Mama mdogo apike, shangazi achote maji, vijana waokote korosho, ili mama abaki na mikono mitupu ya kumshika mtoto, yeye pamoja na baba au bibi anayeishi humo humo ndani. Chakula kiachwe mahali anapofika, kibakuli cha muhogo au ndizi, achukue bila kuuliza. Ukienda sokoni usimtoroke, muage, rudi, hata kama anakaa anakuangalia tu kama hajali. Watu wa ustawi wa jamii nao nawaomba sana, amri ya Mahakama Kuu ya kuasili ikishatoka ndo watembelee zaidi, maana ugumu mwingi unatokea baada ya karatasi kukamilika, wageni wamekwisha.

Panaponisumbua kweli ni jando na unyago. Mtoto aliyewahi kuachwa, umchukue na ngoma umpeleke mahali ambapo mama haruhusiwi kumuona, yeye ataelewa kitu kimoja, nimerudishwa. Halafu huku asiyechezwa anataniwa mpaka ukubwani, na siku ya kutoka ukoo mzima upo, anavalishwa, anatunzwa hela na khanga, mjomba kasimama, na kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao mjomba akisimama kwa ajili ya mtoto hakuna wa kuuliza tena alitoka wapi. Hukumu ya mahakama haiwezi kumwambia hivyo mbele ya kijiji kizima. Kwa hiyo siungi mkono wanaosema mtoto wa kuasili asipelekwe, ila siungi mkono pia kumkimbiza kwa sababu wenzake wa rika wanaingia mwaka huu. Mjomba aanze kuja nyumbani mapema, miezi mingi kabla, mtoto amzoee, na atakayekaa naye kule awe mtu anayemjua kwa jina na sura. Dalili za kuangalia ni hizi, akiumia anakukimbilia wewe? Ukiondoka analia, ukirudi ananyamaza? Kama bado, msimu upite, hata miwili, wapo waliochezwa wakubwa na leo ndo wanaowacheza wengine.