Barua za Shaaban Robert na jicho la msomaji

Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Mwandishi alikuwa amekwisha kufariki miaka 40 kabla. Kitabu hicho kinapotajwa mbele ya wapenzi wa fasihi, swali moja halikosi kuzuka: ni halali kweli sisi kuyasoma yaliyoandikwa yasomwe na mtu mmoja?

Wanaojibu kwamba si halali hawana hoja nyepesi. Kwetu barua ni amana, na mtoto anayefungua barua ya mwenziwe hukemewa hata kama ndani yake mna salamu tupu. Katika jamii ya Waislamu wa Pwani, ambamo Shaaban alizaliwa na kuishi, kumsitiri marehemu ni sehemu ya kumheshimu. Kisha wanayo hoja ya pili, ya kifasihi, kwamba anayeyajua mno maisha ya mtunzi huacha kusoma kitabu, akaanza kumsaka mtunzi ndani ya kitabu. Wapo waliomsoma Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji, kijana wa chuo kikuu aliyekata tamaa, wakaamua bila ushahidi kwamba huyo ni mtunzi wake, Kezilahabi, mwenyewe, na baada ya hapo hawakuona tena riwaya bali ungamo.

Hatari hiyo ipo, nami siibezi. Ninachokikataa ni dhana kwamba kila anayetaka kumjua mwandishi ni mmbea, na kwamba mapenzi ya kusoma hulindwa vizuri zaidi kwa kumficha aliyeandika. Wengi wetu tulikutana na Shaaban Robert tukiwa tumemfichwa hivyo. Nilifundishwa shairi la "Amina" kwa kuhesabu mizani. Nikaipata sawasawa, vina nikavitaja, alama zangu nikapewa. Kwamba Amina alikuwa mkewe, na kwamba aliyemfananisha na ua lililochanua kisha likafunga alikuwa mgane, nilikuja kulitambua baadaye, nje ya darasa. Nililirudia shairi lile usiku huo huo, na sikuhesabu kitu. Tangu hapo nimemsoma Shaaban kwa hiari yangu, jambo ambalo mtihani haukuwahi kunifanyia.

Itasemwa kwamba hapo mlango aliufungua mwenyewe, kwa kuwa shairi alilitunga lisomwe, na Maisha Yangu aliyaandika kwa mkono wake akichagua la kusema na la kunyamazia. Ni kweli, na tofauti hiyo ina uzito. Lakini tukumbuke ni utamaduni gani wa uandishi tunaouzungumzia. Utenzi wa Hati Shaaban aliuelekeza kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe, kama vile mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alivyomwandikia bintiye wasia ambao leo kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anaujua. Neno la mzazi kwa mtoto mmoja, lililotoka chumbani, ndilo limekuwa fasihi yetu. Anayedai kwamba Waswahili tumetenga daima maneno ya nyumbani na maneno ya watu wote anadai jambo ambalo tenzi zetu zenyewe hazilikubali.

Nirudi kwenye ile miaka ya barua, maana ndiyo inayonishika zaidi. Ni miaka 27. Mwaka 1931 Shaaban alikuwa kijana wa miaka 22, karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Mwaka 1958 alikuwa na miaka 49 na jina lake limekwisha kuenea. Katikati yake kuna vita vya dunia nzima, kuna kuhama kutoka idara moja ya serikali hadi nyingine, kuna riwaya yake ya Kusadikika iliyotoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka uliofuata. Huyu ni mtu ambaye mchana kutwa alikuwa mezani akiandika maneno ya serikali, akaiba wakati wa kuandika yake, na juu ya hayo akaendelea kumwandikia ndugu yake. Msomaji akilijua hilo, Karama anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria katika nchi ya Kusadikika hapungui hata kidogo wala hageuki kuwa karani aliyebadili nguo. Swali ndilo linalobadilika: mtu aliyekula mshahara wa serikali ile alithubutuje kuandika juu ya watawala wanaomtia kizimbani mwenye kusema? Swali hilo halimo katika orodha ya dhamira na maudhui, nalo ndilo linalomfanya kijana afungue kitabu kabla hajaagizwa.

Kwa hiyo ningependa mwalimu aanze na ukurasa mmoja wa Maisha Yangu, au barua moja, ndipo aifundishe Kusadikika.

Ipo hoja moja ya wapinzani ambayo sijapata jibu lake kamili. Barua za ndugu kwa ndugu hutaja watu wa ukoo, majirani, na wenzi wa kazini, ambao hawakutunga shairi wala hawakutafuta jina, na ambao hakuna aliyewauliza. Mwandishi aliyechagua kuishi kwa kalamu tunaweza kusema amejitoa kwetu kiasi fulani, hao hawakujitoa. Hata Yusuf Ulenge, aliyezipokea barua hizo, katika kitabu hiki tunamjua kama mtu anayeambiwa tu. Majibu yake kwa kaka yake, ambayo pengine yangetuonyesha nusu ya pili ya mazungumzo yale ya miaka 27, hayamo, na mimi ninayezipenda barua hizi sioni kwamba ninayo haki ya kuyadai.