Koa ni wa kweli, maneno ndiyo ya uongo

Ile video ya koa mwekundu anayeogelea kama kitambaa kinachopepea imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Goma, na jibu ni lile lile: "Hiyo ni ya kompyuta, musitumalizie mega za intaneti." Hata pale Kituku, soko letu la kando ya Ziwa Kivu, mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliitupia jicho tu, akasema, "Kaka, hii wametengeneza." Ninawaelewa. Tumeletewa picha nyingi mno za vita vya nchi nyingine tukiambiwa ni za kwetu. Lakini safari hii tumemkana asiye na kosa.

Huyo koa yupo. Jina lake la kisayansi ni Hexabranchus sanguineus, na Rüppell na Leuckart, wote Wajerumani, walishamwandika kutoka Bahari ya Shamu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla kamera hazijaenea. Yeye na jamaa zake wa karibu wanaishi kwenye matumbawe, kuanzia huko, kupitia pwani ya Kenya na Tanzania, hadi Hawaii, na anaweza kupita sentimita 40. Ukoo wake ni wa konokono, ila gamba hana. Kwa kawaida hutambaa tu, kingo za mwili zimekunjwa juu. Akisumbuliwa anazikunjua, wekundu wote unatoka nje, halafu anajipinda juu chini, juu chini, anakwenda zake. Ukiitazama video polepole utaona mgongoni, kwa nyuma, matamvua yake ya kupumulia, kwa kawaida sita, kila moja limeota peke yake. Wakati mwingine kuna kamba mdogo amepanda humo, anasafiri bila nauli.

Kinachoniudhi ni maandishi ya chini ya video. Eti amevuliwa Ziwa Kivu! Maji yetu si ya chumvi, yeye ni wa maji ya chumvi. Eti ukimgusa unakufa papo hapo. Sumu anayo, ndiyo, anaipata kwa kula sponji, wale wanyama wa baharini walioganda mwambani, na nyingine anaiweka kwenye mayai yake, yale anayoyataga kwa utepe mwekundu uliozungushwa juu ya mwamba. Inamkinga asiliwe na samaki. Haumi, na mwiba hana.

Ajabu ni kwamba waliokataa video ndio hao hao walioniuliza kama kuogelea Kivu bado ni salama. Admin wa grupu letu la mtaa anafuta kila kitu cha ajabu. Mimi ningemwomba aiache video, afute yale maandishi.